Banda la Pasua, Moshi: mbwa waliovishwa zulia na mtani mwenye maiki

Kiingilio ni shilingi 500 kwa filamu moja na 1,000 kwa mbili, kwa hiyo usiulizie viti vya kuegemea. Kwa sura ni banda umiza la kawaida, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video: mabati juu, mabenchi, pazia zito mlangoni. Kinachowaleta watu ni Jumamosi usiku, zinapopigwa filamu kongwe za mazimwi kutoka Marekani, zile mbovu haswa, na nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, wanakaa watu wawili. Mmoja anatafsiri kwa kifupi. Wa pili kazi yake ni utani tu.

Mgawanyo huo ndio unaobeba usiku mzima. Tangu enzi za Lufufu, gwiji wa kutafsiri filamu, tumezoea mtafsiri anayeifunika filamu yote kwa sauti yake, na kwa filamu ya ngumi hilo halina ubaya. Filamu mbovu ukiifunika hivyo umeimaliza, maana kichekesho kinatoka kwa mwigizaji aliyekaza uso huku akiongea upuuzi. Mtani wa Pasua anamwacha mwigizaji amalize, anangoja kidogo, ndipo anatia neno moja. Neno moja, halafu kimya. Wanaoanza kazi hii wengi hukosea hapo: wanarundika mizaha mitatu juu ya tukio moja, kicheko cha kwanza kinaumeza wa pili na wa tatu.

Filamu ya kwanza ni The Killer Shrews ya 1959, dakika 69, nyeusi na nyeupe. Mwanasayansi kisiwani anatafuta namna ya kuwapunguza watu kimo ili chakula kitoshe dunia nzima. Anachopata ni virukanjia, wale wanyama wadogo mfano wa panya wenye pua ndefu, ila hawa ni wakubwa kama mbwa. Wakubwa kama mbwa kwa sababu ni mbwa. Waliwafunika manyoya ya bandia, wakawatundika mikia ya panya, wakawaachia wakimbie. Wakihitaji meno karibu na kamera wanatumia kichwa cha mwanasesere. Mwongozaji, Ray Kellogg, alikuwa mtu wa kutengeneza picha za maajabu, yaani hila za kamera, jambo linaloongeza utamu.

Karibu nusu saa ya kwanza ni maongezi na vinywaji sebuleni, zimwi halionekani, na hapa ndipo mtani anapopimwa. Huyu anashika kitu kimoja, gilasi, na kila inapojazwa anatangaza bili kwa sauti ya mhudumu wa baa: "Daktari, hii ya nne, unalipa kwa simu?" Mpaka kimbunga kinafika, banda zima linahesabu naye.

Kipande cha kulipia hela ni kile cha daktari aliyeng'atwa. Mate ya virukanjia yana sumu, wameila kwenye chambo walichotegewa, hivyo jamaa anajua hana muda. Anakwenda kwenye taipureta na kuanza kuandika dalili zake mwenyewe hadi anaanguka. Mtafsiri ananyamaza kabisa. Mtani anangoja mlio wa vitufe uanze, kisha polepole: "Mkurugenzi, naomba ruhusa. Nimeng'atwa. Nakala kwa mhasibu." Daktari akianguka: "Hajasaini." Basi. Hakuongeza kitu mpaka tukio linalofuata.

Mwishoni waliobaki wanafunga mapipa pamoja, wanaingia chini yake na kutembea wamechuchumaa hadi ufukweni, huku mbwa wenye zulia wakibweka pembeni. Mmoja anagoma, anabaki juu ya paa. Mtani anageuka kondakta wa daladala la mtaa wa Kiboriloni: "Kiboriloni, Kiboriloni, mmoja bado! Mangi wa juu, unapanda au hupandi?" Utani wa namna hiyo hauwezi kutoka kwa Wamarekani, ingawa wao waliugeuza mtindo huu kipindi cha televisheni tangu 1988, Mystery Science Theater 3000, na filamu hii waliipitia. Mzaha wao mwingi unataka uwajue watu maarufu wa kwao. Pasua hawajauiga, na wamefanya vizuri.

Sasa kasoro. Projekta yao ina mwanga hafifu na wanamulika kwenye shuka moja, hivyo mwanga mwingi unapenya na picha inafifia. Matukio ya usiku, ambayo ndiyo mengi, unaona macho na mkia tu. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ungetibu nusu ya tatizo. Maiki zinapita kwenye mikisa kwa waya, safi kabisa, lakini sauti ya filamu wanaipeleka spika nyingine kwa Bluetooth, nayo inachelewa sehemu ndogo ya sekunde: mdomo unafunga, neno linafuata, na mtani anayekwenda na picha anajikuta amemkatiza mwigizaji. Waya mmoja kutoka kompyuta hadi mikisa unamaliza ugomvi huo. Na masika, Machi hadi Mei, usihangaike kwenda, mvua ikipiga mabati husikii chochote, hata kama kimbunga cha kwenye filamu kinapata msaada wa bure.

Benchi la katikati ndilo zuri. La mbele limekaa chini ya spika.

Filamu ya pili ilikuwa The Giant Gila Monster, ya mwaka huohuo na mwongozaji huyohuyo. Mjusi wa kweli anatambaa juu ya vijumba na magari ya kuchezea, na karibu muda wote yuko peke yake kwenye picha, watu wako picha nyingine. Utani wa kwanza juu ya hilo unachekesha, wa tano umechoka. Zaidi ya hapo shujaa anaimba, na mtani hana la kufanya wimbo ukipigwa: akiongea juu yake ni kelele, akinyamaza banda linasinzia. Karanga na kahawa zinauzwa nje ya pazia, na mapumziko kati ya filamu yanatosha kunywa kikombe na kwenda zako. Lipa 500 ya kwanza peke yake pale mlangoni. Ukishalipa 1,000 hawarudishi chenji.