Skii za maji kwa mgeni anayerudi baada ya miaka mingi: uzoefu wangu Kilifi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kusi haijashika, maji ya hori ya Kilifi huwa shwari hadi kivuli cha daraja kinalala juu yake bila kukatika. Ndiyo saa tunayowatoa wageni wetu wa skii, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na boti kwa kamba, miguu ikiwa kwenye mbao ndefu. Tuna nyumba ndogo ya wageni ukingoni, boti moja ya futi 17 yenye injini ya nguvu za farasi 90, na nahodha ambaye ni shemeji yangu. Kazi ya kuchagua skii ni yangu, na nimeifanya miaka sita sasa. Nimenunua vibaya mara mbili na vizuri mara mbili, kwa hiyo naandika kwa mwenye boti kama mimi, au kwa mtu anayetaka kurudi mwenyewe.

Anayeanza upya kabisa hanisumbui. Hukubali unachompa na kufuata unachomwambia. Kazi iko kwa yule aliyewahi. Anafika ana miaka 50 na kitu, alikuwa akiteleza Naivasha au Mombasa ujanani, na sentensi yake ya kwanza ni hii: "Mimi natumia skii moja." Yaani miguu yote miwili juu ya ubao mmoja. Anasema kweli, aliitumia. Lakini alikuwa na kilo 70, leo ana 95, na mara ya mwisho alishika mpini wa kamba watoto wake hawajazaliwa.

Skii ya kwanza niliyonunua niliichagua kwa ajili ya sentensi hiyo. Ilikuwa ya mitumba, nyembamba, ya mashindano, ya kaboni, imechongwa mfereji chini. Niliona nzuri sana, na ni nzuri kweli kwa mwenyewe. Skii ya namna hiyo imeundwa kwa mwendo mkubwa, maana wanaume kwenye mashindano huvutwa hadi kilomita 58 kwa saa na wanawake hadi 55. Ukiivuta polepole inazama mkiani, na mtu anabaki amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, anavutwa kama nanga. Boti yangu ikiwa na mtu wa kilo 95 nyuma yake haina nguvu ya kumtoa haraka. Kila sekunde anayokaa kwenye ule mvuto inalipwa na mikono, mgongo na mapaja.

Mgeni mmoja wa kilo 104 aliniomba hiyo nyembamba. Nikampa. Alijaribu mara tano. Mara ya nne nilimwona akinyoosha magoti mapema, akitaka kusimama kwa nguvu, nami nikapiga kelele boti isimame. Hapo ndipo watu wanapoumia. Magoti yakinyooka huku kiuno bado kimekunjwa na boti inavuta, msuli wa nyuma ya paja unaweza kung'oka pale uliposhikana na mfupa wa kalio. Ni jeraha linalojulikana sana katika mchezo huu, na anayerudi akiwa na umri mkubwa ndiye wa kumchunga. Yule mzee hakuumia, nashukuru, lakini viganja vyake vilichubuka na hakutaka tena siku hiyo. Alikaa kwenye gati na taulo mabegani, kimya. Ilinikaa moyoni, kwa sababu kosa lilikuwa la kifaa nilichompa, na kifaa nilikichagua mimi.

Kesho yake asubuhi shemeji alimwambia, "Mzee, leo tuanze na mbili. Ukisimama, ya pili tunaiacha njiani." Akakubali.

Tulimpa jozi ya O'Brien Celebrity ya inchi 68, yaani sentimita 173 hivi. Ni jozi ya kawaida ya mtu mzima, na mojawapo ya skii hizo ina mkanda wa ziada wa vidole nyuma ya kiatu, ili ukitaka kuteleza kwa moja uweke mguu wa pili hapo. Kwa nyumba ya wageni, kama utanunua kitu kimoja tu, nunua jozi ya aina hii. Kwangu imewabeba watu wa kilo 62 hadi huyo wa 104. Kwa kilomita 35 kwa saa, ambazo ni noti (maili za baharini kwa saa) 19 kwenye kipimo cha boti yetu, alisimama mara ya kwanza. Alikwenda hadi karibu na daraja, tukageuka, akarudi bado amesimama. Nilikuwa mwangalizi, nimeketi nikimtazama yeye, na niliona mabega yake yakishuka kidogo kidogo. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Siku ya tatu ndiyo tukatoa ile pana.

Hii nataka kuieleza vizuri kwa sababu ndiyo imebadilisha kazi yetu. Ni HO Omni, skii moja, pana kuliko ya mashindano. Upana una kazi moja kubwa: eneo linalokaa juu ya maji ni kubwa, kwa hiyo maji yanaibeba mapema, boti ikiwa bado kwenye mwendo mdogo. Mtu anatoka bila kupigana. Nikiwa na mgeni mzito tunamvuta kwa kilomita 42 hivi kwa saa, na hapo skii nyembamba ingekuwa inazama. Wengine hudhani skii pana ni ya watoto au haipindi. Inapinda. Mzee wetu alivuka mawimbi ya nyuma ya boti kwenda na kurudi mara sita, akalala ubavuni hadi maji yakaruka kama feni. Alipoachia kamba alibaki ndani ya maji anacheka peke yake.

Jambo hili ni la zamani kuliko viwanda. Ralph Samuelson, kijana wa Lake City, Minnesota, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922, alijaribu kwanza mbao za mapipa, kisha skii za theluji, akazama na zote. Zilizomsimamisha ni mbao za msonobari za futi 8, pana inchi 9, alizozipinda ncha kwa maji ya moto. Alikuwa na boti dhaifu, akaongeza upana. Nami nina boti ya farasi 90.

Bei ya skii pana pamoja na viatu vyake ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya jozi. Sijutii. Lakini sikununua ya kaboni, na sikushauri. Kaboni huifanya skii iwe nyepesi na ngumu, iitikie haraka, na mtu anayerudi anahitaji skii inayosamehe mguu ukikosea. Ya nyuzi za kioo inamtosha.

Sasa viatu vya skii, na hapa sikubaliani na wauzaji wengi. Kwa skii moja watakusukumia viatu viwili kamili, cha mbele na cha nyuma. Kwa mgeni anayerudi, mimi naweka kiatu cha mbele, na nyuma mkanda wa vidole tu. Wakati wa kutoka majini mguu wa nyuma unaweza kubaki nje, ukaburuta nyuma kama usukani, ukamshikia usawa, kisha akauingiza akishatulia. Na akianguka unatoka bila kubishana. Kuhusu mguu upi uende mbele, usimuulize, maana atakuambia wa zamani na mara nyingine amesahau. Mwambie asimame wima, msukume taratibu mgongoni bila kumtahadharisha, utazame mguu anaoutanguliza.

Kiatu kiwe cha kurekebishika. Leo anavaa mama wa namba 38, kesho kijana wa 45. Tuna chupa ya plastiki yenye shampuu iliyochanganywa na maji. Unapaka kidogo kisiginoni, mguu unaingia kwa mlio wa kunyonya, na mpira hauvutwi. Jozi yangu ya kwanza kabisa, ambayo sitaitaja jina, ilipasuka kisiginoni mwezi wa nne kwa sababu wageni waliuvuta mkavu na sisi tuliianika juani. Chumvi na jua la pwani hula mpira haraka. Siku hizi nasuuza kila skii kwa maji ya mvua, kwani ya kisima chetu nayo yana chumvi, na naziweka kivulini zikiwa zimelala. Kila Jumamosi nakaza skrubu za viatu na za pezi la chini ya mkia wa skii. Pezi likilegea skii inatikisika, na mgeni atajilaumu yeye.

Urefu wa skii ni suala la uzito na mwendo, urefu wa mtu hauhusiki sana. Mtu mzito au boti ya polepole, ongeza inchi moja au mbili. Ukiwa katikati ya saizi mbili kwa mtu anayerudi, chukua kubwa.

Vilevile usipuuze suruali fupi ya neopreni, ule mpira laini wa nguo za majini. Kuanguka kwa makalio kwenye mwendo ule husukuma maji kwa nguvu ndani ya mwili, na kunaweza kuleta jeraha la hospitali. Nina nne za saizi tofauti na nawaambia wanawake na wanaume wazi kabisa sababu yake.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunachagua saa kwa uangalifu: yakipwa, fungu la mchanga linatokea karibu na mikoko, na mkondo unakuwa mkali hivi kwamba skii iliyoachwa njiani inaelekea mlangoni mwa hori kabla hujageuza boti. Tumeipaka ile ya kuachwa rangi ya chungwa mkiani. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndiyo siku hasa za skii.

Yule mzee ameandika kwamba anarudi Desemba pamoja na mke wake, ambaye naye aliwahi. Nimemuuliza uzito wa mama, kiatu anachovaa, na kama magoti yake yako salama. Ile nyembamba ya kaboni nimeitundika ukutani sebuleni. Kwenye gati asubuhi hiyo zitakuwepo jozi moja na ile pana, na chupa ya shampuu.