Kliniki ya masikio Kisumu mjini, wazazi wa watoto wa kaakaa someni

Nimewapa nyota 4, ya 5 imebaki kwa ile laini ya asubuhi, watu wanajaa hadi nje na hakuna kivuli.

Binti yetu alizaliwa na mpasuko wa kaakaa, yaani dari ya mdomo, akafanyiwa upasuaji bila malipo kupitia shirika la Smile Train na kaakaa likapona vizuri sana, lakini maneno yakakataa kutoka na ukoo mzima unasema ni ule mdomo tu, mpeni muda. Hapa ndio mtu alishika sikio lake mara ya kwanza.

Daktari alituchorea. Kuna kamrija kanatoka nyuma ya pua kanaingia sikioni kupeleka hewa, na misuli ya kukafungua ni hiyo hiyo ya kaakaa, sasa kaakaa likiwa limepasuka haivuti poa, hewa haifiki, maji yanajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio yanakuwa mazito kama uji. Mara nyingi mtoto hana homa wala usaha so huwezi jua, ukimwita karibu anageuka, ukiwa jikoni kimya, watu wanasema ni kiburi. Akasema karibu watoto wote wa kaakaa wanapitia hii na hata baada ya upasuaji inaweza kukaa miaka. Na yale matone tulikuwa tunauziwa dukani hayawezi saidia juu maji yako nyuma ya ngoma, hayafiki huko!

Venye wanapima watoto nimependa sana. Kwanza kampira kadogo kwa sikio kanasukuma presha kidogo, mashine inachora, kukiwa na maji mchoro unalala tu bila kilima. Halafu chumba kimya, akisikia sauti anatupa kikombe cha plastiki kwa ndoo, na hakuna aliyemharakisha.

Hawakutukimbiza theta kwa upasuaji. Tulirudi baada ya miezi 3, maji bado yako, ndio tukaambiwa tuchague grometi, kamrija kengine kadogo ka kuwekwa kwa ngoma ya sikio ambako huanguka kenyewe, ama mashine za kusikia kwa muda. Tulichukua mashine na saa hii anaita nyanya yake kutoka uani, anaita mpaka ajibiwe.

Betri za mashine nunua mapema, hapo huisha. Pigeni simu kwanza kuuliza kama yule wa kupima watoto yuko, na mbebe karatasi za upasuaji, wanaziangalia zote.