Msumeno wa kwanza wa karakana ya nyumbani: ununue upi?

Kabla ya kuuliza urefu, hesabu meno. Meno 7 au 8 kwa inchi hukata haraka na kuacha ukingo wenye vichane. 12 hadi 14 hukata polepole na kuacha pasafi. Kisha tazama yalivyochongwa. Meno ya kupasua, yaani kufuata nyuzi za mbao, yanafanana na patasi ndogo zilizopangwa mstari. Ya kukata kwa kukingama nyuzi yana makali ubavuni kama visu. Ukipasua ubao mrefu kwa meno ya kukatia utatoka jasho bure.

Namba 1 kwangu ni msumeno wa mkono wa kawaida, inchi 20 hadi 22, meno 8 kwa inchi. Unafaa kwa ubao mpana, plaiwudi, miguu ya meza, karibu kila kazi ya mwanzo. Ukiona ncha za meno zina rangi ya bluu iliyokolea, ujue yamechomwa yakawa magumu: makali yanakaa muda mrefu, lakini tupa haiyashiki, na yakiisha ndiyo basi. Yasiyochomwa unayanoa mwenyewe kwa tupa ya pembe tatu. Anayeanza namshauri achukue yaliyochomwa. Ajifunze kwanza kufuata mstari, kunoa kutafuata.

Ukiwa bado dukani, inua msumeno usawa wa jicho, meno yakiwa juu, utazame kutoka kwenye mpini hadi ncha. Wangu wa kwanza niliuchagua kwa uzuri wa mpini. Bapa lilikuwa na kombo dogo karibu na ncha, na kila nilichokata kiliishia kushoto ya mstari. Wiki kadhaa nililaumu mkono wangu. Kwa hiyo likunje bapa taratibu, uliachie. Lisiponyooka lenyewe, rudisha.

Namba 2, msumeno wa mgongo. Ule mkanda wa chuma au shaba juu ya bapa unalizuia lisiyumbe, ndiyo maana viungo vya ulimi na tundu, yaani ulimi wa ubao mmoja kuingia tundu la mwingine, vinatoka vimebana sawasawa. Mgongo huohuo hauruhusu kuzama ndani zaidi, kwa hiyo hauwezi kuwa msumeno wako pekee.

Namba 3 ni wa Kijapani wenye meno pande mbili, ryoba: upande mmoja wa kupasua, mwingine wa kukata. Unakata ukiuvuta, si ukiusukuma, hivyo bapa lake ni jembamba na njia linayoikata kwenye mbao ni finyu. Naupenda sana. Ila meno yake ni marefu na membamba. Ukikutana na msumari uliojificha, yanakatika.

Namba 4, msumeno wa umeme wa duara. Kwa plaiwudi nyingi hauna mpinzani, lakini usiununue kabla hujawa na klampu (vibanio vya kushikilia ubao) mbili imara, miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Ubao ukibana diski, mashine hurushwa nyuma kuelekea kwako.