Uzoefu wangu na michoro ya anga ya Trouvelot: faili ni bure, kazi iko kwenye kuchapa

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huuliza: bure. Maktaba ya Umma ya New York imeiweka mtandaoni michoro yote 15 ya Étienne Léopold Trouvelot iliyotolewa mwaka 1882, na haki miliki yake ilishakwisha zamani. Sikuombwa kujisajili wala kadi ya benki. Unachagua ukubwa, unapakua. Ila faili kubwa kabisa, lile la TIFF, usilishushe kwa bando la simu, tafuta Wi-Fi.

Trouvelot alikuwa Mfaransa aliyehamia Massachusetts, Marekani. Huko wanamkumbuka pia kwa balaa: aliagiza wadudu waitwao nondo kutoka Ulaya kwa majaribio ya hariri, wakamtoroka, na mpaka leo viwavi wao wanakwangua majani ya misitu. Bora alipogeukia angani. Mwaka 1872 Chuo Kikuu cha Harvard kikamwita achore kwa kutumia darubini yao, na baadaye akapewa nafasi kwenye ile ya jeshi la majini kule Washington, yenye lenzi ya sentimita 66. Kwenye kioo cha kuchungulia aliweka miraba midogo, akawa anahamisha anachokiona mraba kwa mraba hadi kwenye karatasi. Kamera zilikuwepo, lakini za wakati ule hazikuweza kunasa vitu hafifu jicho linavyoviona.

Sasa michoro yenyewe. Zohali, ile sayari yenye pete, ya Novemba 1874 ndiyo iliyonimaliza. Ukivuta karibu unaona kivuli cha sayari kimelala juu ya pete, na ukingo wake umepinda kidogo, haukunyooka kama wa rula. Vuta zaidi utakuta chembechembe za chapa ya mawe, yaani picha huchorwa kwenye jiwe bapa kisha huchapwa kutoka hapo; enzi hizo kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Mshtarii (sayari ya Jupita) ya 1880 ina lile doa jekundu, na mchoro wa kupatwa kwa jua kwa 1878, aliokwenda kuuchorea Wyoming, magharibi mwa Marekani, una miale mirefu inayotoka pembeni mwa duara jeusi. Nyota yenye mkia ya 1881 nayo ni nzuri, hasa mkia unavyofifia taratibu hadi ukashindwa kujua umeishia wapi.

Vimondo vya Novemba 1868 vinapendeza ukutani, ila ujue unachotazama: si tukio la dakika moja. Amekusanya vilivyopita tangu saa sita usiku hadi alfajiri akaviweka pamoja. Mirihi haikunivutia, duara lenye mabaka, basi.

Kasheshe ni kuchapa. Steshenari ya mtaani (sitaitaja) kijana alibonyeza kitufe cha kung'arisha picha bila kuniuliza, mkia wa ile nyota ukayeyuka, na weusi wa anga ukatoka kijivu chenye michirizi. Nilipolalamika akaniambia "picha yenyewe ya zamani, boss". Pesa haikurudi. Nikahamia kwa wanaosafisha picha za harusi, nikaomba karatasi nzito isiyong'aa na nikasisitiza rangi zisiguswe. Tofauti ni ya mbingu na ardhi. Karatasi ya kung'aa ikwepeni kabisa kwa michoro hii: kwa kuwa sehemu kubwa ni giza, utajiona mwenyewe na taa ya sebuleni badala ya nyota. Hilohilo kwa fremu yenye kioo ikitazamana na dirisha.

Kuna wanaouza mabango ya michoro hiihii mitandaoni, tena kwa bei ya kushtua. Wengine wamekata ukingo ili itoshe fremu zao, na kwenye Zohali kukata huko kunaua nafasi tupu inayoizunguka, ambayo ndiyo nusu ya uzuri wake. Kama huna muda wa kuhangaika na wachapaji, nunua, lakini kwanza fungua ya maktaba ulinganishe.

Ukubwa wa A3 unatosha kwa Zohali na Mshtarii. Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota hafifu angani) na fungu la nyota zilizosongamana la Hercules zinahitaji A2 kwenda juu, la sivyo vinukta vidogo vinapotea. Ukitaka kuanza na moja tu, chukua Zohali.