Sampuli 400 za kuku, bajeti ya kubana: ununue nini cha kutolea RNA?

Sampuli 12 humalizwa asubuhi moja, kwa hiyo hapo nunua chochote. Shida huanza unapoletewa wengu na maini ya kuku mia nne, na bosi anataka kujua jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Hilo husomwa kwenye RNA, nakala zinazotolewa na jeni inayofanya kazi.

1. Shanga za sumaku, sahani ya visima 96. Hii ndiyo ningenunua. Agiza shanga zenyewe kwa chupa, bafa (miyeyusho) za guanidini, kemikali inayopasua seli, changanya mwenyewe. Mwongozo wa BOMB, wa kutumia shanga za sumaku maabara, uliotolewa bure mwaka 2019 una vipimo vyote. Kinachouma ni kibao cha sumaku na pipeti ya midomo minane, lakini hivyo hununuliwa mara moja tu. Ukifyonza kwa pupa, ncha ya pipeti hugeuka kahawia: hizo ni shanga zako zinaondoka na RNA yote. Zirudishe kisimani, acha sumaku ivute tena.

2. TRIzol. Ni fenoli na guanidini, halafu klorofomu, njia iliyotokana na ile ya Chomczynski na Sacchi ya 1987. Mililita moja inatosha tishu ya miligramu 50 hadi 100, na mavuno ni mengi. Ila kila tyubu inataka mkono wako. Ikitoka kwenye mashine ya kuzungushia (sentrifuji) utaona pinki chini, utando mweupe katikati, maji angavu juu. RNA iko kwenye hayo maji. Tamaa ya tone la mwisho, ukagusa utando, ndiyo huleta DNA. Mimi nikipita tyubu 24 kwa siku, naanza kukosea. Halafu fenoli inaunguza ngozi.

3. Vichujio vya silika. Safi na rahisi, lakini kila sampuli inakula kichujio chake. Vile vidogo huziba ukizidisha miligramu 30, na wengu, kwa wingi wa DNA yake, huziba mapema zaidi. Nunua pakiti moja ya kuokolea sampuli zilizogoma.

Usibanie DNase, kimeng'enya kinachokata DNA iliyobaki. Dawa ya kuhifadhia tishu unaweza kuitengeneza kwa amonia salfeti, mradi kipande kisizidi unene wa nusu sentimita, la sivyo katikati kunaoza. Na jiki isiguse kabisa taka za guanidini, hutoa gesi ya sumu.

Kabla ya kuagiza kwa wingi, jaribu sampuli nane. Pima usafi wa RNA kwa mwanga: uwiano wa 260/280 (urefu wa mawimbi kwa nanomita) uwe karibu 2.0, ule wa 260/230 ukiwa chini, mara nyingi guanidini imebaki, ongeza mwosho mmoja wa ethanoli.