Diski ya The Cheat (1915): mtazameni Hayakawa, maandishi achaneni nayo

Haya jamani, karibuni tena. Leo maikrofoni ni mpya, mtaniambia hapo chini kama sauti imekaa. Mkononi nina diski ya The Cheat, filamu bubu ya Cecil B. DeMille. Kisa mnakijua: mama wa kitajiri wa Long Island anachezea dola 10,000 za Msalaba Mwekundu, zinaliwa, anakwenda kukopa kwa Mjapani. Tupite. Mimi hii nimeinunua kwa sababu ya huyo anayemcheza Mjapani, Sessue Hayakawa, yule kanali wa The Bridge on the River Kwai aliyeteuliwa kuwania Oscar. Hapa bado kijana.

Ngoja niisogeze... hapo. Mwanzo kabisa. Giza totoro, mwanga unatoka chini kwenye makaa, jamaa anapiga chapa kinyago chake cha pembe. Uangalieni uso. Umetulia tuli! Sasa mtazameni Fannie Ward, anayemcheza yule mama, filamu hiihii: mikono juu, mikono chini, utadhani anafukuza nyuki. Hayakawa anageuza jicho tu, kidogo hivi, na wewe uliye kwenye kochi unajikunyata. Jana nimerudisha mara sita, mke wangu akaniacha akaenda kulala.

Na hapa, akishapigwa risasi: anaegemea ule ukuta wa karatasi, anateremka taratibu, damu inabaki kwenye karatasi. Upande wa pili unaona kivuli tu. Mwaka 1915 hiyo!

Sasa kinachoniudhi. Maandishi, yale yanayotokea kati ya picha kwa kuwa filamu ni bubu, yanasema eti huyu ni Haka Arakau, mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Burma gani? Vazi la Kijapani, nyumba ya Kijapani! Awali aliitwa Hishuru Tori, Mjapani. Wajapani wa Marekani wakaja juu kwa kuchorwa vile. Filamu ilipotolewa upya 1918, wakati Japani ni mshirika wa Marekani vitani, wakabadilisha maandishi, picha wakaziacha vilevile. Nakala tunayoiona leo ndiyo hiyo, na jalada la diski yangu limenyamaza kimya. Kidogo nimwandikie muuzaji.

Mwenyewe Hayakawa alishachoka kuchezeshwa watu wabaya. Mwaka huohuo 1918 akaanzisha kampuni yake, Haworth, na mwaka uliofuata wakatoa The Dragon Painter, akicheza na mkewe, Tsuru Aoki. Hiyo nitaichambua, msiniharakishe.

Na nyie mnaonililia "Sojin, Sojin" kila wiki, yule mwigizaji mwingine wa Kijapani: ndiyo, akiwa mwana wa mfalme wa Wamongolia kwenye The Thief of Bagdad, 1924, anatisha. Niliwahi kusema humu kwamba anamzidi Hayakawa. Nafuta kauli. Au nusu yake.

Bei: elfu sabini pamoja na kusafirisha, kwa filamu ya kama saa moja. Ghali. Ukipata ya kuazima, azima. Mimi yangu siazimishi.