Kupandiwa bustani ya mawaridi na wauza miche wa barabarani, Dar

Wauza miche wa kando ya barabara ya Bagamoyo hawaishii kuuza miche. Ukiwaita watafika nyumbani, watapima uwanja na kukupandia bustani nzima. Kwa kazi ya mikono tunawapendekeza. Mtindo uchague mwenyewe.

Wanaoupenda zaidi ni ule rasmi: matuta ya mraba, njia ya kokoto katikati, ukingo wa duranta uliopunguzwa sawasawa. Mistari yao hunyooka kweli. Kasoro ni nafasi. Ili bustani ionekane imejaa siku ya kukabidhiwa, hubananisha miche, hata sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Kwa unyevu wa Dar dai 75 hadi 90, na duranta ikae nusu mita pembeni. Majani yaliyosongamana hayakauki, na masika yakiingia mwezi Machi ugonjwa wa madoa meusi huyapukutisha, zikabaki fito tupu.

"Bustani ya Kiingereza" watakayokuonyesha kwenye simu, ikatae. Mawaridi mengi ya kale ya Ulaya, yale yachanuayo mara moja kwa mwaka, hayatoi maua vizuri bila kupitia majira ya baridi. Omba yenye asili ya China, yanastahimili joto na huchanua mwaka mzima.

Mtindo unaostahili fedha yako ni wa uani: mawaridi vyunguni, asumini ukutani, rihani kando yake. Jioni ua wote unanukia. Tena unakwepa tatizo la ardhi ya matumbawe pwani: chokaa yake huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma, majani yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Chungu kiwe na kina na upana wa sentimita 40 au zaidi, na matundu chini. Changanya udongo tifutifu sehemu mbili, samadi iliyooza moja, mchanga wa mto moja. Simamia hapo mwenyewe, maana samadi mbichi huunguza mizizi na mchanga wa ufukweni una chumvi. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huunguza kingo za majani. Vyungu vipate jua tangu asubuhi, kwa muda wa angalau saa sita, na kivuli alasiri. Mwagilia shinani, si majanini.

Kabla ya kulipa, geuza majani utazame utitiri mwekundu na utando wake. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina mama la mwaridi mwingine, una kifundo karibu na udongo. Chipukizi lolote linalotokea chini yake ni la shina mama, ling'oe, ukilikata tu litarudi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba ni dalili kwamba mche umekaa mno. Miche iliyotoka Lushoto au Arusha iwekwe kivulini wiki mbili kwanza, kwa sababu ikipandwa juani moja kwa moja hudondosha majani, na muuzaji atakwambia hukumwagilia.

Lipa nusu siku ya kupanda, nusu machipukizi mapya yakitokea. Wengi wao hukubali.